Sura ya Tisa: Simu Iliyovuka Ghuba

Jumapili alasiri simu ya marehemu ilivuka ghuba, ikarudi, ikavuka tena. Ndivyo ilivyosema kompyuta ya Noa, na siku hizi pale kituoni kompyuta ya Noa ilisikilizwa kuliko mashahidi wenye midomo.

Inspekta Yudith alivuta kiti, akavaa miwani. Kwenye ramani mstari mwekundu ulianzia Raskazone, ukakata katikati ya mji wa Tanga, ukazunguka Amboni, kisha ukashuka hadi Chongoleani, ng'ambo ya maji. Ukageuza, ukarudi njia ileile. Mzee Mwinyijuma alikuwa kaburini tangu wiki iliyokwisha, lakini simu yake ilikuwa inatembea mji mzima kama muuza kahawa.

"Simu anayo mwenzake Sabiri," alisema Sajenti Manase, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai. "Huyu tunaye ndani, yule yuko nje anahangaika kuiuza. Na mama yake Sabiri anakaa wapi? Chongoleani. Afande, unataka nini zaidi?"

Yudith alilisogeza jalada karibu. Lilimfikia mikononi juzi tu, alipohamishiwa Tanga, na lilimjia limekwishafungwa kamba. Mzee Mwinyijuma, fundi wa simu mstaafu, alikutwa asubuhi chini ya ngazi za zamani za kuogelea kule Raskazone, kichwa kimepasukia jiweni. Daktari aliandika kwamba jeraha lingeweza kuwa la kuanguka au la kupigwa, yaani hakuandika kitu. Mfukoni mlikuwa na tasbihi na kitambaa cha jasho. Simu hakuna. Nyumbani, ndugu walisema, simu hakuna. Mtu wa mwisho kuwa naye alikuwa kijana wa bodaboda, Sabiri, aliyempakia kila siku baada ya swala ya alfajiri na kumshusha pale ngazini. Mazishi yalipopita, simu iliyokuwa imezimwa ikawaka yenyewe hewani. Manase akasema mwizi kaiwasha, na mwizi lazima awe muuaji, na Sabiri akalala rumande.

Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa shitaka la mauaji. Shitaka hilo halina dhamana. Mtu anaweza kuingia gerezani na mtoto wa kunyonya nyumbani, akatoka mtoto anajua kusoma, hata kama mwisho wake ataambiwa hana hatia. Mkewe, Tausi, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi na kontena la wali mapajani, akimwangalia kila aliyevaa sare kana kwamba ndiye mwenye funguo.

Na Yudith alikuwa na sababu yake ya kutotaka kukosea. Alimfahamu Mzee Mwinyijuma.

Yudith ni mtoto wa kambi ya mkonge ya Maramba. Baba yake, Zabron, alikuja kutoka mbali kufuata kazi, akazikwa hapohapo nyuma ya kanisa la Kilutheri. Katika ofisi ya shamba palikuwa na simu moja nyeusi ya kuzungusha mkono, na nyaya zake zilipokatika alikuja fundi kijana kutoka Tanga, ndiye huyu Mwinyijuma, amevaa vyuma miguuni, akapanda nguzo kama mkwezi wa minazi. Watoto walijaa chini kumtazama. Siku moja alimshushia Yudith kile chombo cha kusikilizia, akamwambia, "Haya, isikilize Tanga." Yudith akasikia mvumo, na ndani ya mvumo sauti ya mwanamke ikiuliza, "Nani mwenzangu?" Alikimbia nyumbani kumwambia mama yake kwamba Tanga ni mwanamke.

Alizipenda siku zile na mpaka leo anazililia. Simu ilikuwa na mahali pake. Ukiipigia ofisi ya Maramba ulijua aliyepokea yuko ofisini Maramba, tena kasimama, maana kiti kilikuwa kimoja na ni cha bwana shamba. Ulichouliza ni unaongea na nani. Siku hizi swali la kwanza ni uko wapi, na jibu ni niko njiani, hata kama mtu bado yuko kitandani na shuka lake.

"Noa," alisema, "kompyuta yako inajuaje kwamba simu ilipita Amboni?"

Noa alikuwa mhandisi wa kampuni ya simu, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni, aliyeletwa na barua ya kisheria na kukaa na polisi siku nzima bila kulalamika. Alijikuna kidevu.

"Haijui, mama. Inakadiria. Sisi tunachokiona ni mnara tu. Simu ikishika mnara wa Raskazone, tunaona Raskazone. Ikihamia mnara wa Chongoleani, tunaona Chongoleani. Programu inachukulia kwamba mwenye simu amesafiri, basi inamtafutia barabara ya kupita."

"Na barabara iko moja, ya Amboni."

"Hiyo tu."

"Sasa niambie alitumia muda gani njiani."

Noa akabonyeza, akasogeza uso kwenye kioo, akabonyeza tena. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeketi kwenye kiti kibovu.

"Kufumba na kufumbua," alisema.

"Boti," akadakia Manase. "Alipita baharini."

"Boti gani hiyo, Sajenti, inayovuka ghuba kabla hujamaliza kupiga chafya?"

Manase akanywa chai. Noa alikuwa ameshaanza kuchora kwenye kipande cha karatasi: duara huku, duara kule, maji katikati.

"Nisikilizeni. Juu ya maji mawimbi ya simu hayana kizuizi. Hakuna nyumba, hakuna mti. Nyumba ya Raskazone inayotazama bahari inaweza kuusikia mnara wa Chongoleani karibu sawa na wa kwake. Sasa, Jumamosi na Jumapili alasiri Raskazone panajaa. Watu wanakuja kuogelea, kula mihogo, kupiga picha. Kila mtu na simu yake. Mnara wa pale unaelemewa, unazisukuma simu nyingine ziende kwa jirani. Jirani ni Chongoleani. Watu wakirudi majumbani, zinarudi."

"Simu ikiwa imelala mezani?"

"Ikiwa imelala mezani."

"Na hili ulikuwa unalijua?"

Noa akaona aibu, na hakuificha. "Nalijua, mama. Lakini programu imetengenezewa miji isiyo na ghuba, na nyie mliniomba mstari. Nikawapa mstari."

Manase aliweka kikombe chini. Alikuwa mkaidi lakini hakuwa mjinga. "Sawa. Haikwenda Chongoleani. Basi ipo Raskazone, kwa mwenzake, na nyumba za pale zinazotazama bahari ni nyingi. Tunaanzia wapi?"

"Tunaanzia kwa simu nyingine iliyovuka nayo," alisema Yudith, akafungua jalada penye orodha ya waliompigia marehemu. Namba moja ilikuwa imejirudia kila alasiri. "Hii ya nani?"

"Ya mjane, Bi Mwanasiti. Anampigia mwizi, labda atapokea amwonee huruma. Hata mimi ningepiga."

"Noa, iweke juu ya ile."

Mstari wa bluu ulitokea Raskazone. Ukakata mjini, ukazunguka Amboni, ukashuka Chongoleani bega kwa bega na ule mwekundu, ukageuza nao, ukarudi nao. Jumamosi vilevile. Jumapili vilevile.

Nje Tausi alisikika akikohoa.

"Sajenti," alisema Yudith polepole, "Bi Mwanasiti yuko wapi?"

"Yuko eda, afande. Tangu siku ya mazishi."

"Kavuka kizingiti?"

"Hapana! Mjane hatoki."

"Basi Chongoleani alifuata nini?"

Manase aliinama juu ya mistari ile miwili.

"Chumba chake mlikipekua?"

"Cha mjane?" Manase alimtazama kama aliyetukaniwa mama. "Afande, tulikuwa wanaume tu. Ndani kuna mwanamke wa watu amekaa eda. Tungeingia na buti? Watu wa pale wangetutoa mbio viatu mkononi. Tuliuliza mlangoni, kwa adabu, shemeji yake Yasini akatujibu."

"Akawajibu nini?"

"Kwamba wametafuta nyumba nzima, simu hakuna."

Yudith alikwishasimama, anatafuta funguo za gari.

*

Nyumba ilikuwa moja ya zile kongwe za Raskazone, zenye baraza pana na mabati yaliyoshika kutu, walizopewa wafanyakazi wa simu enzi hizo na Mzee Mwinyijuma akainunua serikali ilipoziuza. Yasini, mdogo wa marehemu, alikuwa barazani na wazee wawili. Aliinuka kwa heshima, akasimama katikati ya mlango.

"Karibu, afande. Kama ni maelezo, nitatoa mimi. Ndani mna eda."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, na wanaume nimewaacha garini. Mimi ni mwanamke."

Yasini akaliwaza hilo. Akasogea.

Bi Mwanasiti alikuwa ameketi mkekani kando ya dirisha lililoitazama bahari yote mpaka ng'ambo. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga iliyopauka, hana hereni wala wanja. Yudith alivua viatu, akakaa chini.

"Shikamoo, bibi. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa. Nawe watoka wapi? Sura yako si ya hapa."

"Ni wa Maramba. Mzee alikuwa akija kututengenezea simu ya shamba, nikiwa mtoto. Alinipa nikaisikiliza Tanga."

Uso wa Bi Mwanasiti ulifunguka kama aliyeletewa barua. "Maramba! Akirudi ana mafenesi begani, harufu nyumba nzima. Alikuwa akinambia watoto wa kule hawampi nafasi ya kushuka nguzoni. Kumbe na wewe ulikuwamo!"

"Nilikuwamo, bibi."

Kila mmoja akabaki na fundi wake. Yudith angeweza kukaa pale mpaka jua lizame, akiulizwa habari za Maramba na mtu aliyezijua. Lakini kesho ilikuwa inakuja. Akatoa simu yake, akaipiga ile namba ya marehemu.

Ndani ya kabati la nguo, kengele ikalia.

Haikuwa muziki, wala zile kelele za ndege wa simu za siku hizi. Ilikuwa kengele ya kweli, ya chuma, ya simu nyeusi ya kuzungusha, na Yudith alijikuta ameshainuka nusu, kama walivyokuwa wakiinuka wote ofisini Maramba. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Aliyafuta kwa kiganja na hakuona haya.

"Ni ya posta ya zamani ya Muheza," alisema Bi Mwanasiti. "Siku wanaing'oa alikwenda kwa makusudi, akairikodi, akaitia humo. Akasema, Mwanasiti, hii ndiyo simu, hizi nyingine redio."

"Bibi, imekuwamo humo siku zote?"

"Itoke yende wapi? Siku ile kaamka kichwa chamzunguka. Nikamwambia, leo usende, dawa yako ya presha hujaimeza tangu juzi. Kasema nakwenda kunawa miguu tu, narudi. Simu kaiacha kwenye chaji, hapo. Ikazima yenyewe, umeme ulikatika. Baada ya mazishi ndipo nilipoiwasha." Alipunguza sauti. "Alasiri ndio wakati wa chai. Huisahau simu chumba kile, mie nikampigia kumwita. Basi nikipiga sasa, ikalia kabatini, nahisi yuko chumba cha pili, kaisahau tena. Unanicheka?"

"Sikucheki, bibi. Polisi walipokuja, kwa nini hukuwaambia?"

"Nani kaniuliza? Yasini kaja kuniuliza nipikiwe nini. Haya ya polisi nayasikia kwako. Walikuwa wanaitafuta?"

Yudith alivuta pumzi. Mlango mmoja, adabu tupu pande zote mbili, na kijana wa watu yuko ndani. Wanaume wa nje hawakuingia, wanaume wa ndani hawakuuliza.

Bi Mwanasiti aliendelea, akichezea pindo la kanga. "Lakini kama wewe polisi, n'na neno langu. Yule Sabiri. Kila alfajiri akimpakia mzee, mvua ikinyesha akimfunika na koti lake. Watu wote wamekuja kunipa pole, hata wa Muheza nisiowajua. Yeye hajaja hata kusimama dirishani akasema, bibi, pole. Nimeumia, sikufichi. Nimemsema maneno mabaya moyoni mwangu."

"Bibi," alisema Yudith, "Sabiri yuko rumande. Wanasema alimuua mzee ili aibe simu hii."

Bi Mwanasiti alijifunika uso na kanga, akakaa hivyo. Alipoifunua, hakulia. Alikuwa na hasira ya kuangusha nyumba.

"Yasini!" aliita kwa sauti iliyotoka mpaka barazani. "Yasini wee! Mtoto wa watu katiwa ndani, na mie nimekaa hapa namlaumu!"

"Shemeji," sauti ya Yasini ilijibu nyuma ya mlango, ndogo, "hatukutaka kukutia simanzi."

"Simanzi n'nayo! Mwaniongezea nini?"

Yudith aliandika maelezo yake yote pale mkekani: kizunguzungu, dawa, chaji, umeme. Akamsomea, bibi akasaini. Kisha ikabidi aseme lile ambalo hakutaka kulisema.

"Bibi, simu lazima niende nayo. Ni kielelezo. Nitakurudishia."

Bi Mwanasiti aliitoa kabatini mwenyewe. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha marehemu. Akaichomoa na chaja ukutani, akavikabidhi pamoja.

"Isizime," alisema. "Nakuomba hilo tu."

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya aliyasoma maelezo mara mbili, akaitazama mistari miwili ya Noa, akamwita mwanasheria wa serikali kwa simu, wakasemezana. Simu ndiyo iliyomfanya Sabiri kuwa mwizi, na wizi ndio uliomfanya kuwa muuaji. Simu imepatikana kwa wenyewe, na mzee aliondoka nyumbani kichwa kinamzunguka, akaenda kwenye ngazi zilizoota mwani. Pakabaki nini? Hakikubaki kitu. Mkuu akaandika kijana aachiwe.

Manase hakungoja kutumwa. Alikwenda mwenyewe na funguo. Aliporudi, alikuwa amemtanguliza Sabiri, na mtu angedhani wamebadilishana nafasi, maana aliyekuwa ameinamisha kichwa ni sajenti.

Sabiri alikuwa kijana mrefu aliyekondeana, suruali ameishika kwa mkono kwa kukosa mkanda. Tausi aliinuka bencheni, kontena likamponyoka, wali ukatapakaa sakafuni, na hakuna aliyeuangalia. Alimshika mumewe shati kifuani na kulikunja ngumini.

"Saini hapa," alisema Yudith taratibu. "Mkanda wako. Kofia ngumu. Funguo za pikipiki. Hesabu kama vimetimia."

Sabiri alikuwa ameishika kalamu wakati kengele ilipolia.

Ilitoka juu ya meza ya Yudith, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lebo ya kielelezo, waya wa chaja umening'inia mpaka ukutani. Ofisi nzima ikasimama. Koplo mmoja aliyekuwa karibu kustaafu aligeuka akanyoosha mkono kwenye simu ya mezani ya kituo, iliyokufa miaka mingi na kugeuzwa pa kuegesha mafaili, ndipo akakumbuka. Akaurudisha mkono wake polepole.

Noa alitazama kompyuta. "Alasiri," alisema. "Ni yeye."

Manase akasogea, pengine kuinyamazisha.

"Iache ilie," alisema Yudith.

Sabiri alikuwa ameiweka kalamu chini. "Hiyo ya mzee," alisema. Sauti yake ilikwaruza, haikuwa imetumika sana. "Bibi anamwita chai. Mzee akiwa kibarazani kwangu akiisikia, ananiambia, nipeleke haraka, nishasemwa." Akaisogelea meza. "Afande, naweza?"

Hakuna kanuni inayoruhusu. Yudith aliufungua mfuko, akampa.

Sabiri aliiweka sikioni kwa mikono miwili, akaacha suruali ijishikilie yenyewe.

"Bibi, shikamoo," alisema. "Si mzee, bibi. Ni mie, Sabiri. Sabiri wa pikipiki... Ndiyo. Wamenitoa... Usilie, bibi. Usilie. Pole. Pole sana kwa mzee wetu."

Alisikiliza muda mrefu. Tausi alikuwa bado amemkamata shati. Kwenye kompyuta ya Noa ule mstari mwekundu na ule wa bluu, kwa mara ya kwanza tangu mzee afariki, haikuwa mahali pamoja.

Kisha kile chumba kimya kikasikia sauti nyembamba ya kizee ikiuliza upande wa pili, uko wapi, mwanangu?

Sabiri aliangalia huku na huku, ukutani, mezani, kwenye wali uliomwagika, kwa Manase aliyekuwa anatazama buti zake. Akaichukua kofia ngumu. Akamkabidhi Yudith ile simu ikiwa bado hewani, ili asiondoke na kielelezo, na maneno yake ya mwisho aliyasema akiwa ameshafika mlangoni, kwa sauti kubwa ili yamfikie.

"Niko njiani, bibi."